Shaba Yetu, Unga wa Jirani

Januari na Februari ndiyo miezi ambayo wateja wangu huacha kununua unga kwa mfuko, wakanunua kwa meka, kile kibakuli cha kupimia ambacho kila mama wa soko huku kwetu anacho mezani. Mahindi mapya bado yako shambani, mabichi. Magunia ya mwaka uliopita yamekwisha. Mvua inanyesha karibu kila alasiri, malori yanachelewa njiani, na mama anayefika mezani kwangu anauliza bei kabla ya kunijulia hali. Kolwezi ni mji unaothamini salamu. Salamu zikianza kuja baada ya bei, ujue nyumbani kwa watu mambo si mazuri.

Nauza unga wa mahindi, maharage na uyoga mkavu katika komini ya Manika. Nilizaliwa Musonoi, mtaa wa wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na meza hii niliirithi kwa mama yangu. Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na sehemu kubwa ya madini hayo hutoka katika jimbo letu la Lualaba. Usiku na mchana malori yaliyosheheni shaba yanapita karibu na nyumba zetu. Lakini bukari, ambayo wasomaji wa Tanzania na Kenya huiita ugali, tunaipika kwa unga uliolimwa na kusagwa nchi nyingine. Huku kwetu mtu aliyekula viazi, ndizi na samaki bado atasema, "Hatuyakula," yaani hatujala, kwa sababu bukari haikuwepo. Kwa hiyo bei ya unga ikipanda, mji mzima unahisi njaa, hata pale ambapo chakula kingine kipo.

Barabara ya kusini

Soma maandishi ya mifuko iliyopangwa sokoni kwetu, utaona mingi imetoka Zambia. Nyakati za uhaba huja pia mahindi ya Afrika Kusini. Mengi hupita Kasumbalesa, mji wa mpakani ambako malori ya shaba yanayotoka hupishana na malori ya chakula yanayoingia. Kutoka hapo mzigo unapita Lubumbashi na Likasi, kisha unafuata barabara ya taifa namba 39 kupitia Fungurume hadi Kolwezi. Njiani kuna forodha, wapakuaji, wenye maghala, mafuta ya lori na ushuru wa barabara. Mfuko wa kilo 25 unapowekwa mezani kwangu umeshalipia yote hayo, na anayeyarudisha ni mama mwenye watoto sita anayefungua kibindo mbele yangu.

Zambia ikivuna vizuri, tunapumua. Ikikosa, tunakosa mara mbili: mahindi yanapungua, na jirani anafunga mlango ili awalishe watoto wake kwanza. Mwanzoni mwa 2023 unga uliadimika Katanga nzima, eneo ambalo jimbo letu ni sehemu yake, bei ikaruka, na watu wakapanga foleni usiku. Mwaka uliofuata ulikuwa mgumu zaidi. Ukame ulioletwa na El Niño uliunguza mashamba ya Zambia, na tarehe 29 Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema akatangaza janga la taifa. Nchi iliyokuwa imevuna zaidi ya tani milioni 3 mwaka 2023 ilipata karibu nusu ya hizo. Mwaka huo huo Kongo ilizuia bia na soda kutoka nje, mzozo ukazuka, na Agosti Zambia ikafunga mipaka yake na sisi kwa siku chache. Ugomvi ulikuwa wa chupa, lakini sokoni kwetu waliotetemeka ni wauza unga.

Mwaka 2025 mvua zilirudi, Zambia ikavuna zaidi ya tani milioni 3.6, na meza yangu ikatulia. Nilishukuru, nikauza, nikalipa madeni. Hata hivyo utulivu huo haukutokana na kazi ya mikono yetu. Ulitokana na mawingu ya nchi nyingine, na mawingu hayo yanaweza kukosekana tena msimu wowote.

Mfuko wa kampuni

Tabia hii ya kulishwa kutoka mbali ina miaka zaidi ya mia. Reli kutoka Rhodesia ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mabehewa yaliyokuja kuchukua shaba yalileta unga. Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa 1906, ilikusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na ililazimika kuwalisha. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliamua kuwaweka wafanyakazi mgodini kwa miaka mingi, pamoja na wake na watoto wao. Tangu hapo posho ikawa nguzo ya maisha ya kambi: unga, maharage, karanga, samaki, mafuta, vyote vikipimwa kwa idadi ya watu wa nyumba. Kolwezi ilipoanzishwa mwaka 1937 ilizaliwa ndani ya utaratibu huo.

Mwaka 1967 kampuni ilitaifishwa, ikaja kuitwa Gécamines, na mfuko wa unga ukaendelea kuja. Nilipokuwa mtoto, mwisho wa mwezi ulitambulika kwa mifuko iliyobebwa mabegani kutoka kantini. Baba alikuwa akisema mshahara unaweza kuchelewa, lakini mfuko hauchelewi. Mama alikuwa na bustani ndogo ya lengalenga, yaani mchicha, na matembele nyuma ya nyumba, lakini shamba la mahindi hakuwa nalo, na jirani zetu wengi vilevile. Unga mweupe wa kampuni ulikuwa heshima. Muhogo, mtama na ulezi tulivihesabu kuwa chakula cha kijijini, cha bibi na babu, cha watu wasio na kazi.

Halafu mambo yakaporomoka. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini wa Kamoto, hapa hapa Kolwezi, iliporomoka. Mwaka uliofuata uporaji wa wanajeshi ulienea nchi nzima, na mwaka 1992 na 1993 jirani zetu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Uzalishaji wa shaba, uliozidi tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980, ukashuka hadi makumi machache ya maelfu. Kwanza mshahara ulichelewa, kisha mfuko nao ukachelewa, mwishowe vyote vikakoma. Katika mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia kuanzia 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa mkupuo.

Wanaume waliokuwa na ufundi wa mitambo na umeme wakashika jembe wakiwa na umri wa miaka hamsini. Vijana wao wakaenda kuchimba kobalti kwa mikono. Kijana anayeweza kurudi na pesa jioni hiyo hiyo ni vigumu kumwambia angoje mahindi miezi mitano. Hivyo mji uliopoteza mfuko wa kampuni ukapoteza pia mikono ya kulima, na unga wa jirani ukajaza pengo.

Ardhi tuliyo nayo

Wageni huniuliza: nchi yenu ina mvua, ina ardhi, kwa nini hamlimi? Swali hilo linastahili jibu la haki.

Mvua tunazo, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili. Ardhi ipo, lakini si yote inayokubali mahindi. Kolwezi iko juu, karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, pembeni mwa uwanda wa Manika ulioipa komini yetu jina. Juu ya uwanda huo kuna nyika pana za majani ambazo huku tunaziita dilungu. Udongo wake ni mchanga mwepesi usioshika rutuba, na usiku wa Juni na Julai baridi yake inauma. Majani yanaota, mahindi yanadhoofika. Nyanda za namna hiyo, kama ile ya Biano, zinafaa zaidi kwa ng'ombe.

Chini ya nyanda kuna misitu ya miombo yenye udongo mwekundu. Huo unazaa, lakini una tindikali, na baada ya misimu michache huchoka usipopewa chokaa na mbolea. Mbolea nayo kwa sehemu kubwa huja kwa barabara ile ile ya kusini. Wakulima wenye maarifa hupanda juu na kando ya vichuguu vikubwa vya mchwa, kwa sababu mchwa hupandisha udongo wenye madini mazuri kutoka chini. Mahindi ya kichuguu hutambulika kwa mbali kwa ukijani wake. Tangu mwisho wa 2016 wameongezeka viwavijeshi wapya waliotoka bara la Amerika, ambao hula moyo wa mhindi ukiwa mchanga.

Halafu kuna migodi. Shamba zuri lililokuwa mwendo wa saa moja kwa miguu leo linaweza kuwa ndani ya uzio wa kibali cha madini. Kanuni za uchimbaji za 2018 zina kiambatisho kizima kuhusu kuhamishwa kwa watu na fidia ya mazao yao, na ni vizuri kila mkulima aijue haki hiyo. Lakini fidia hulipa mazao yaliyokuwepo. Anayelipwa huhamia mbali zaidi, analima, kisha hukosa usafiri wa kuleta gunia mjini. Mahindi yanaoza au yanaliwa na dumuzi kijijini huku mjini tukingoja lori kutoka nje.

Wakati Moïse Katumbi alipokuwa gavana wa Katanga, kati ya 2007 na 2015, aliziagiza kampuni za madini zilime hekta 500 kila moja. Nia ilikuwa njema, na baadhi zililima kweli. Lakini kampuni inayolima kwa sababu imeagizwa huacha agizo linapolegea, na bei ya shaba inaposhuka shamba ndilo la kwanza kukatwa. Hekta zile hazikumpa mkulima mdogo mbegu, barabara wala ghala. Katanga ilipogawanywa mwaka 2015 na Lualaba kuwa jimbo linalojitegemea, tulianza tukiwa bado tunanunua unga Kasumbalesa. Upande wa kaskazini, huko Kaniama-Kasese katika jimbo la Haut-Lomami, Service National, taasisi ya serikali, inalima mahindi kwa mikono ya vijana waliotolewa mitaani Kinshasa, na mahindi hayo yamefika sokoni Lubumbashi nyakati za shida. Hilo linathibitisha kwamba Kongo inaweza kujilisha ikiamua kulima, kuvuna na kusafirisha kwa mpango mmoja.

Chakula kisichopita mpakani

Nimeeleza tunachokosa. Sasa nieleze tulicho nacho, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Mvua za kwanza zikishuka, kumbikumbi huruka na watoto huwakusanya chini ya taa. Wakati huo masuku, matunda ya porini yenye nyama tamu ya rangi ya asali, yanajaa kando ya barabara. Kisha viwavi wanaoliwa, ambao tunawaita vinkubala, wanashuka kutoka miti ya miombo. Wapo wa mwanzo wa mvua na wapo wa mwisho wake. Hukamuliwa, huchemshwa kwa chumvi, hukaushwa, na huweza kukaa miezi. Vina protini nyingi, na katika nyumba ambayo nyama ya ng'ombe huliwa sikukuu tu, ndivyo vinavyowakuza watoto.

Kati ya Desemba na Machi, miezi ile ile ambayo unga unapanda bei, uyoga unajaa. Mungu alituwekea mboga bora ya mwaka katika miezi migumu ya mwaka. Mwanasayansi Mbelgiji François Malaisse, aliyefanya kazi miaka mingi Lubumbashi, alikusanya maarifa ya akina mama na wawindaji wa misitu hii, akachapisha mwaka 1997 kitabu kikubwa kuhusu kujilisha katika miombo: uyoga, viwavi, matunda, mizizi, asali. Mama yangu hakujua kusoma kitabu hicho, lakini sehemu kubwa ya yaliyomo alikuwa akiyajua kwa macho na kwa vidole. Alinifundisha sheria moja ambayo nawaambia wateja wangu wote: uyoga usioujua usiuchume, na usiomjua aliyeuchuma usiununue. Upo uyoga unaoua, na moto wa jikoni hauondoi sumu yake.

Ipo pia kikanda. Ni viazi vidogo vya maua ya okidi yanayoota nyikani. Hukaushwa, hutwangwa, huchanganywa na unga wa karanga, chumvi, pilipili na magadi, kisha hupikwa hadi kushikana kama mkate mweusi unaokatwa vipande. Zambia wanaipenda kama sisi, na kupendwa huko kumekuwa hatari. Viazi vyake vilichimbwa kwa wingi hadi nyanda za juu kusini mwa Tanzania na kusafirishwa Zambia. Ulinzi wa okidi hizo ulikuwa mojawapo ya sababu za Tanzania kufanya Kitulo hifadhi ya taifa mwaka 2005. Okidi hukua polepole, na anayeng'oa mmea mzima anachukua pia mbegu ya kesho. Kwa hiyo nauza kikanda msimu wake tu, tena kidogo.

Magharibi mwa jimbo, Dilolo, Sandoa na Kapanga, Walunda na Wachokwe wana muhogo, ambao hukubali udongo wa mchanga unaokataa mahindi. Ziwa Nzilo, lililotokana na bwawa la umeme katika mto Lualaba, lina samaki. Kutoka Bukama hutuijia samaki wakavu wa maziwa ya Upemba. Kwenye mabonde yenye unyevu, akina mama hulima mboga kiangazi chote kwa ndoo na miguu yao. Hiki ni chakula kingi. Kinachokosekana ni heshima yake mezani.

Siku ya mavuno

Ndiyo maana naipenda siku ya mavuno parokiani kwetu. Kila mwaka, mahindi yakishakauka, familia huleta madhabahuni sehemu ya kwanza ya walichopata: gunia la mahindi, maboga, kuku, miwa, ndizi. Baada ya misa huwa kuna mnada uani, na pesa huenda kwa wajane na wagonjwa. Ni sherehe ya zamani, na makanisa mengi ya Katanga yanayo.

Akina mama wa kikundi chetu waliongeza jambo moja: meza ndefu ya kula pamoja, yenye sharti kwamba chakula kilichovuka mpaka hakipandi juu yake. Unga wa mfuko, samaki wa barafu kutoka Namibia, mchele wa ng'ambo, vyote vinabaki nyumbani siku hiyo. Mwanzoni wengine walinung'unika kwamba wageni wataona tumewapikia chakula cha maskini. Leo wanashindana. Kuna bukari ya mahindi ya hapa iliyochanganywa na muhogo, sombe, yaani majani ya muhogo, iliyotwangwa na kupikwa kwa karanga, uyoga mkavu uliorudishwa kwa maji ya uvuguvugu, vinkubala vya kukaanga, samaki wa Nzilo, viazi vitamu, njugu mawe. Kwenye ndoo kuna munkoyo: uji wa mahindi uliopoa na kutiwa mizizi iliyopondwa, ambayo kwa usiku mmoja huyeyusha wanga wake na kuufanya kinywaji chepesi, kitamu, kisichomlewesha mtoto.

Watoto wa mjini huuliza maswali kwenye meza hiyo, na wazee hupata nafasi ya kujibu. Mama mmoja mzee kutoka Kapanga, ambaye wote tunamwita Nkambo, yaani bibi, aliwakusanya wasichana akawaonyesha namna ya kuloweka muhogo mchungu siku kadhaa hadi ulainike, kuumenya, kuukausha na kuutwanga. Akawaambia wazi kwamba anayeharakisha kazi hiyo huacha sumu ndani, na sumu hiyo huwapooza watu miguu. Msichana mmoja akamuuliza, "Nkambo, muhogo si ni chakula ya njaa?" Akamjibu, "Mwanangu, njaa ya mahindi haiue mutu mwenye kuwa na muhogo mu shamba."

Jibu hilo linatosha kuwa sera ya kilimo. Mahindi hukomaa kwa wakati mmoja na hukauka kwa ukame mmoja. Muhogo hungoja ardhini mwaka mzima na zaidi, unachimbwa siku unayouhitaji. Nyumba inayochanganya theluthi moja ya muhogo katika unga wake imepunguza kwa theluthi moja haja yake ya lori la Kasumbalesa. Wanaosema ladha si ile ile wako sahihi, lakini kwenye meza yetu ya mavuno sufuria ya mchanganyiko ndiyo inayoisha kwanza.

Mboga na vumbi

Siwezi kusifu chakula cha nyumbani nikanyamaza kuhusu uchafu unaokifikia. Mito ya Luilu na Musonoi imepokea taka za viwanda vya madini kwa miongo mingi. Vumbi la barabara za migodi hutua juu ya lengalenga na shuu, yaani kabichi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, wakishirikiana na wenzao wa Ubelgiji, wamepima kobalti katika mikojo ya watu wa Katanga na kuikuta nyingi mno kwa wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Utafiti wao mwingine, uliochapishwa 2014, ulifuatilia njia inakopitia: mboga zinazolimwa hapa ni mojawapo ya njia kubwa, na kwa watoto vumbi wanalomeza wakicheza lina uzito wake.

Matokeo hayo hayamwambii mtu aache mboga. Mtoto asiyekula mboga huugua kwa njia nyingine. Yanatudai uangalifu. Osha majani kwa maji mengi safi, mara kadhaa, kabla ya kuyakata, kwa sababu vumbi linaondoka kwa maji. Kilichoingia kwa mizizi hakiondoki. Kwa hiyo bustani zisiwekwe kwenye kingo za mito inayopokea maji ya viwanda wala kando ya barabara za malori ya madini, na wenye mamlaka wapime udongo na maji ya mabonde yanayolisha mji, kisha watangaze matokeo sokoni na kanisani, kwa lugha tunayoielewa. Mama anayelima bonde hawezi kununua maabara. Wanaochimba na wanaotoza kodi wanaweza.

Pesa zipo

Na hapa pasiwe na kisingizio cha ufukara. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inagawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta au usultani ambamo mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hapo, kila kampuni inayochimba inapaswa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya maendeleo ya jamii inayoizunguka. Pesa hizo zimejenga shule na vituo vya afya, na ni vyema. Sasa sehemu yake ya kudumu iende kwenye chakula.

Kama mfanyabiashara wa unga, najua iende wapi. Kwanza, ghala. Mkulima wetu huuza mahindi Mei kwa bei ya chini kwa sababu hana pa kuyaweka, kisha Januari anakuja kununua unga kwangu kwa bei ya juu. Ghala la kila sekta, na mifuko isiyopitisha hewa inayowaua dumuzi na fukusi bila dawa, vingemwezesha kungoja. Pili, barabara za vijijini, zitengenezwe kabla ya mavuno, si baada ya uchaguzi. Tatu, umeme wa uhakika kwa mashine za kusaga. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako jirani, lakini mama anasubiri umeme ili asage ndoo moja ya mahindi. Nne, chokaa na vipando bora vya muhogo vifike Septemba, kabla ya mvua, kwa sababu mbegu inayofika Desemba ni hasara. Tano, na hili ndilo kubwa, ardhi ya kilimo kuzunguka Kolwezi, Fungurume na Lubudi itengwe kwa sheria na kuwekwa kwenye ramani, ili kibali cha mgodi kikija kikute pameandikwa kwamba hapa watu wanakula.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Zambia ni ndugu yetu kweli. Lugha, ukoo na ndoa vinavuka mpaka kila siku, na biashara kati yetu ni jambo jema. Ninachokataa ni kwamba mtoto wa Manika alale njaa kwa sababu mvua haikunyesha Choma, nchini Zambia.

Nakuomba basi wewe unayesoma, uwe Kolwezi, Lubumbashi, Kalemie au Mbeya. Nunua mazao ya mkulima wa karibu nawe anapovuna, usingoje yapande. Weka muhogo katika unga wako. Mpeleke mwanao kwa bibi yake akajifunze uyoga, vinkubala na mboga za porini kabla bibi hajaondoka. Na diwani au mbunge akija kuomba kura, muulize maswali matatu: ghala la mahindi liko wapi, asilimia 15 yetu imelimia nini, na ardhi ipi umeilinda ili tule. Asiyeweza kujibu, asipewe kura.